Stika ya Zambarau kwenye Kioo cha Nyuma

Wiki iliyopita tulimwacha Renata Kolterman amepiga magoti ndani ya gereji, nyuma ya gari lake, wembe mkono mmoja na kikaushio cha nywele mkono wa pili. Alikuwa akikwangua stika ya njano ya Chuo cha Jimbo, yenye picha ya jogoo, ambayo mumewe aliibandika juu ya stika yake ya zambarau ya Chuo cha Thornbury. Ndipo mlango wa gereji, bila yeye kuugusa, ukaanza kupanda.

Wewe uliyelikosa gazeti kwa kufungia samaki, jua hivi tu. Maren, binti pekee wa Renata, amekubaliwa vyuo viwili. Cha Jimbo ni cha umma, kipo hapa hapa Iowa, na ada yake mtu anaweza kuilipa huku bado anakula. Thornbury ni cha binafsi, kipo huko Vermont milimani, na ada yake ingekununulia kombaini mpya kila msimu wa mavuno. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuchagua. Saa saba mchana watoto wote wanaomaliza sekondari watapanda jukwaani mbele ya mji mzima wa Odell Grove, kila mmoja afungue zipu ya koti lake, na sweta la ndani litangaze anakokwenda.

Sasa turudi gereji.

Mlango ukapanda. Vikaonekana viatu. Yakaonekana magoti. Lilipoonekana tumbo, Renata hakuhitaji kungoja uso.

"Kumbe!" akasema Duane, mumewe.

"Kumbe nini?"

"Kumbe mwizi wa stika analala kwangu!"

"Mwizi ni wewe uliyebandika juu ya yangu. Mimi nilikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kwa lipi? Mtoto mwenyewe hajachagua!"

"Na ulipobandika lile jogoo lako alikuwa amechagua?"

Renata akamtazama vizuri. Mkono mmoja ulikuwa mgongoni.

"Una nini huko nyuma?"

"Sina kitu."

"Duane."

Akautoa. Stika nyingine ya njano, pana kama sinia la pilau, na lile jogoo la timu ya Jimbo limefura shingo tayari kupigana.

Msomaji wa mbali atacheka. Atasema, si stika tu? Si tu! Hapa kwetu kioo cha nyuma cha gari ndicho kinachosema mtoto wa nani anakwenda wapi, na kikishasema, kimesema. Mzee Harlan wa duka la mbegu alinunua gari kuukuu lililokuja na stika ya chuo fulani cha Tennessee. Kabla hajafika nyumbani watu walikuwa wameshampigia mkewe kumpongeza, wengine wameshaoka keki. Ilibidi amtume mtoto Tennessee. Mtoto hakuwa ameomba hata nafasi. Sasa ni mhandisi wa madaraja huko, na hajajua mpaka leo alifikaje.

"Mnapigania nini asubuhi yote hii?"

Alikuwa Maren, kasimama kwenye mlango wa jikoni, mswaki mdomoni.

"Mama yako anachinja jogoo," Duane akasema.

"Baba yako anakuuza kwa sababu ya mpira," Renata akasema.

Maren akautoa mswaki. "Mama, wewe unapenda Thornbury kwa sababu ya yule kijana aliyetutembeza."

"Alitembea kinyumenyume chuo kizima, Maren! Ngazi, madaraja, bila kugeuka hata mara moja, na huku anaeleza historia. Hayo ndiyo malezi!"

"Na wewe Baba, unataka niende Jimbo ili upate pa kuegesha gari siku za mechi."

"Bweni liko mkabala na uwanja," Duane akasema kwa sauti ndogo. "Si kosa langu walikolijenga."

"Hakuna aliyeniuliza nataka kusoma nini."

Wote wawili wakageuka, wameshangaa kweli, kama watu walioulizwa rangi ya ukuta wa nyumba yao wenyewe.

"Udaktari wa mifugo," Maren akasema. "Jimbo wana ng'ombe mwenye dirisha ubavuni. Unafungua kizibo, unaingiza mkono, unalishika tumbo likiwa linasaga. Niliingiza mpaka begani. Mama, lina joto! Linakuvuta kama linakusalimia."

"Mungu wangu," Renata akasema, akakaa kwenye bampa.

Maren akachukua wembe mkononi mwa mama yake, akakwangua stika zote mbili, njano na zambarau, mpaka kioo kikawa kitupu. "Mpaka saa saba, gari hili halina upande. Mmenisikia?"

"Tumesikia," wakasema.

Lakini Renata alikubali haraka mno. Ndani ya mkoba wake, katikati ya rangi ya mdomo na pipi za kikohozi, ilikuwemo stika ya tatu. Zambarau.

*

Walipoingia jikoni walimkuta Otto, baba yake Duane, ameshajimiminia kahawa. Otto habishi hodi. Sikio lake moja lilichukuliwa na trekta, la pili linafanya kazi siku likipenda, kwa hiyo husema kila mtu ni bubu, akaingia tu.

Mzee huyu ana mali moja tu ya maana, ekari arobaini juu ya kilima cha magharibi ya mji. Pale Maren alimlea ndama wake wa kwanza. Pale, tangu akiwa hajafika kiunoni kwa mtu, husema atajenga zahanati yake ya mifugo, na Otto kwa miaka yote hiyo amekataa kupanda mahindi kwenye kona ambayo mjukuu aliichagua kwa mlango wa mbele.

"Nimepata mnunuzi wa kilima," Otto akasema.

Kikombe cha Duane kikabaki hewani. "Mnunuzi gani?"

"Ee?"

"NANI ANANUNUA?"

"Ameniomba nisimtaje mpaka watoto wote wapite jukwaani. Nimekubali."

"Atakifanyia nini?"

"Nguruwe."

"Wangapi?"

"Alitaja idadi, nikadhani anahesabu punje za mahindi. Mabanda marefu, matatu, na bwawa la samadi kule juu."

Maren akamsogelea. "Babu, lakini kile ni kilima chetu."

"Ni udongo, mjukuu wangu. Ukitaka Thornbury, uipate Thornbury. Sitaki uje useme kesho babu yako aliukalia udongo wewe ukakosa." Akanywa kahawa, akasaga taya kidogo. "Saa sita mchana mnunuzi atakuwa ghala la nafaka. Nikijua unakwenda Thornbury, nampa mkono. Nisipojua, sitoi mkono."

Mkono! Hiki si kitu cha mchezo kwetu. Shamba huuzwa kwa kushikana mkono, mawakili huja baadaye kupiga chapa tu. Elmer Voss aliwahi kuurudisha mkono wake baada ya kuutoa. Mpaka leo anakwenda kunywa kahawa mji wa tatu kutoka hapa, na huko nako wanamletea iliyopoa.

"Basi Babu, usimpe mtu mkono mpaka usikie kutoka kwangu."

"Au nione," Otto akasema, akigonga sikio lake. "Kusikia kwangu unakujua. Macho bado mazima."

Maren alitaka kusema neno moja zaidi, neno ambalo lingeokoa mambo yote haya, na mimi ningekosa cha kuandika. Lakini kengele ya mlango ikalia, na mlango ukafunguka kabla kengele haijamaliza.

"Majirani! Hongera kwenu, hongera kwetu!"

Alikuwa Bev Lindahl, sinia mkononi, limejaa vipande vya bisi za mchele zilizogandishwa kwa siagi ya karanga na chokoleti. Bev anakaa nyumba mpya kabisa ya mtaa wa magharibi, ile yenye nguzo nne mbele ambazo hazishikilii kitu.

"Karibu, jirani," Renata akasema, na kwa hila akasogea ili Bev aone vizuri mlango wa friji. Pale palining'inia cheti chenye muhuri wa dhahabu. Tuzo ya Heshima ya Josiah Thornbury, yenye punguzo la ada. Renata alikuwa ameisoma kwa sauti kanisani, benki, na kwa daktari wa meno akiwa na pamba mdomoni.

"Ala!" Bev akasema. "Na nyinyi mmepata?"

Renata akaiacha friji, akamgeukia.

"Na sisi, vipi?" Renata akauliza.

"Tuzo ya Josiah. Garrett wetu kapata pia! Tumeitia fremu."

"Garrett?"

"Garrett."

"Garrett huyu huyu aliyejifungia nje ya gari na gari linatembea?"

"Lilikuwa linatembea polepole," Bev akasema, amenuna kidogo. "Na yule wa kwa Pruitt kapata, na yule msichana wa Dubuque anayepiga filimbi kapata. Kila aliyekubaliwa kapata. Ndiyo uzuri wa Thornbury, hawabagui."

Renata akaigeukia friji. Alionekana kama mtu aliyebusu picha mwaka mzima, kisha akaambiwa ni ya katalogi. Kwanza wanapandisha bei mpaka mbinguni, kisha wanampunguzia kila mtu na kuiita heshima! Duane akaona ni wakati mzuri wa kunyamaza, na hilo kwake ni jambo la kuandikwa gazetini, ndiyo maana naliandika.

"Hata hivyo," Bev akaendelea, "Maren lazima aende Thornbury. Lazima! Jimbo huenda kila mtu. Huyu binti ana akili, asizikwe kwenye samadi."

"Samadi itakuwepo tu," Otto akasema. Neno samadi sikio lake lilikuwa limelipenda. "Akienda Thornbury, nauza kilima. Mabanda matatu na bwawa."

Bev akatabasamu, kisha tabasamu likaanza kupiga hesabu. Akatazama dirishani. Miti yote ya Odell Grove imelala upande mmoja, mashariki, maana upepo wetu hutoka kilima cha magharibi tangu dunia iumbwe. Upepo huu uliwahi kumnyoa mchungaji nusu ya ndevu akisubiri barabara ivukike.

"Kilima kipi?" Bev akauliza.

"Kile juu ya nyumba yako."

Sinia likatua mezani kwa kishindo.

"Maren, mwanangu," Bev akasema, akamshika msichana mikono yote miwili. "Hivi umewahi kukifikiria vizuri Chuo cha Jimbo? Chuo kizuri sana kile! Karibu na nyumbani, watu wa kawaida, wana yule ng'ombe..."

"Mwenye dirisha."

"Mwenye dirisha! Dirisha zuri! Thornbury wana nini? Mlima na makasia!"

Honi ikalia nje. Basi la shule lilikuwa limekuja kuwachukua wanafunzi kwa mazoezi ya kupanda jukwaa, na huko bwana Pruitt, mwalimu mshauri, hukusanya simu zote kwenye kapu. Maren akachukua koti, akambusu babu yake kwenye lile sikio zima, akatoka na amani. Babu hajui chochote. Asipojua, hatoi mkono. Kilima kiko salama mpaka saa saba.

Hivyo ndivyo alivyodhani.

*

Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa mpaka ngazi za juu. Bendi ilipiga. Bwana Pruitt, aliyevaa tai iliyochorwa kofia za mahafali, akaanza kuita majina kwa mpangilio wa alfabeti, na zipu zikaanza kushuka.

Kijana wa Adelman akaonyesha sweta la chuo cha mabaharia. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la kuogelea la manispaa, na humo walimwopoa kwa mti mrefu. Makofi. Binti wa Haas akaonyesha chuo ambacho mama yake alikuwa bado hajaambiwa. Makofi, na kelele moja kutoka safu ya tatu.

"Kolterman. Maren Kolterman."

Duane akaushika mkono wa mkewe. Ulikuwa na baridi.

"Una nini?" akanong'ona.

"Sina kitu."

"Renata."

"Tazama mbele."

Maren akafika katikati ya jukwaa. Akawatafuta wazazi wake kwa macho, akawapata. Akaishika zipu na ujasiri kwa wakati mmoja, akavuta.

Njano!

Jogoo kifuani, shingo imefura!

Duane akaruka kama aliyekalia msumari. "Maegesho!" akapiga kelele, kisha akajisahihisha, "Mwanangu! Mwanangu!" Bev Lindahl alipiga makofi mpaka bangili ikakatika. Na Renata? Msomaji, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hayakuja. Renata alikuwa mweupe kama unga, na hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa akiutazama mlango wa nyuma.

Mlangoni alisimama Otto, kofia mkononi.

"Njano?" akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajisikii mwenyewe, yaani sauti ya kuita ng'ombe. "Mbona njano?"

Bendi ikanyamaza, ala moja baada ya nyingine.

"Babu, nimechagua Jimbo!" Maren akaita kutoka jukwaani. "JIMBO! Kilima kibaki!"

"Lakini nimeona zambarau," Otto akasema. "Saa sita, nimesimama mlangoni mwa ghala. Gari la Renata likapita, na stika kwenye kioo cha nyuma. Zambarau. Nikasema, haya, mtoto amechagua." Akauinua mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. "Nimeshampa mkono."

Ukumbi mzima ukageuza shingo kwa Renata.

"Nilitaka tu kuona inavyokaa!" Renata akasema. "Kwenda saluni na kurudi! Ningeibandua!"

"Renata!" Duane akasema.

"Usiniite hivyo, hata wewe una jogoo la tatu chini ya kiti cha gari, nimeliona!"

Lakini Bev alikuwa ameshasimama juu ya benchi. "Mzee Otto! Umempa nani mkono?"

"Ee?"

"NANI MWENYE NGURUWE?"

"Watoto hawajapita wote," Otto akasema. "Niliahidi."

"Ahadi gani? Nyumba yangu ni ya kwanza chini ya kile kilima! Nguzo zangu nne! Nataka nimjue mshenzi huyo, nimtazame usoni!"

"Bev," ikasema sauti karibu naye. "Keti."

"Sikai!"

"Keti, mpenzi."

Bev akatazama chini. Aliyesema alikuwa Curt Lindahl, mumewe, muuza bima, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa milango ya duka. Alikuwa amejikunja kwenye kiti chake mpaka tai imegusa magoti.

"Mtazame basi," Curt akasema. "Ndiye huyu."

Nimewahi kuona kimbunga kikibeba zizi na farasi ndani, kikaviweka upande wa pili wa mto, na farasi bado anatafuna. Hakikuwa na ukimya kama ule uliokuja kabla ya Bev kupata sauti.

"Wewe?"

"Bev, ada ya Thornbury ulidhani italipwa na nini? Tabasamu langu? Ile tuzo ya Josiah inatosha vitabu na supu. Kilichobaki chote ni nguruwe." Akafuta jasho. "Nilitaka ujue baada ya Garrett kuvaa zambarau, ukiwa na furaha."

"Juu ya nyumba yangu!"

"Upepo si wa siku zote."

Hapo hata bwana Pruitt alicheka, akajificha nyuma ya tai.

Maren alikuwa ameshuka nusu ya ngazi za jukwaa, sweta la njano limemganda kwa jasho. Kona ya mlango wa mbele, ndama wake, zahanati, vyote vilikuwa ndani ya mkono wa mtu mmoja mpole.

"Mzee Curt," akasema, "tafadhali. Mwachie Babu mkono wake. Aliutoa kwa stika ya uongo."

Curt akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumia kweli. "Mwanangu, ningemwachia hapa hapa. Mbele ya watu wote hawa. Lakini Garrett akienda Thornbury, sina njia nyingine. Niambie wewe. Nimwachie babu yako kilima, nimwambie wangu abaki?"

Otto, mlangoni, alikuwa bado ameushikilia mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

Bwana Pruitt ni mtu wa ratiba. Ukumbi unaweza kuwaka moto, yeye ataita jina linalofuata.

"Lindahl," akaita. "Garrett Lindahl."

Garrett akapanda jukwaani, kijana mrefu, masikio mekundu, koti limefungwa mpaka kidevuni. Hakumtazama baba yake. Hakumtazama mama yake. Akampita Maren kwenye ngazi na kunong'ona, "Samahani," na Maren hakujua samahani hiyo ni ya nini.

"Zambarau, mwanangu!" Bev akalia, kisha akakumbuka upepo. "Au... subiri kwanza! Subiri!"

Garrett akaishika zipu. Ikakwama. Akaivuta tena, ikashuka.

Rangi ya kwanza iliyochungulia haikuwa zambarau. Haikuwa njano pia. Kifuani palikuwa na maneno makubwa meusi, na wa kwanza kuyasoma alikuwa Maren, aliyekuwa karibu kuliko wote.

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akageuka, akamtafuta Curt kwenye ile safu, akamkuta amesimama.

"Mzee Curt," akasema taratibu, "sasa wewe ndiye wa kukaa."